Usimwache Aende Peke Yake

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposikia kwamba kijana fulani amepewa kazi ya kufundisha sheria za biashara. Umekuja kuniambia kwamba chuo kikuu kimekukabidhi masomo matatu kwa mpigo, sheria, fedha na maadili, na kwamba mawili ya kwanza huyaogopi, ila hilo la tatu hujui hata linaanzia wapi. Kaa, chai bado ya moto. Nitakusimulia jinsi nilivyojifunza mimi kulifundisha, maana hakuna kitabu kilichoniambia.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Nilikuwa mhadhiri msaidizi, mwanamke kijana, na baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wamenizidi umri. Chuo kilikuwa Dar es Salaam, mbali mno na huku kwetu Ufipa, lakini ilipofika likizo ndefu walimu na wanafunzi tulitawanywa mikoani. Ilisemwa kwamba msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wakulima sharti awajue hao wakulima, na jambo hilo nililiamini, na hadi leo naliamini. Mimi niliomba Sumbawanga kwa kuwa ni nyumbani. Nikapewa wanafunzi wachache, tukalala katika mabweni ya sekondari moja iliyokuwa imefungwa. Asubuhi tulisoma darasani tukiwa tumejifunika mashuka mabegani, maana baridi ya Juni ya huku unaijua, na mchana wanafunzi walikwenda madukani, kwenye ushirika na ofisini kuona yale tuliyosoma yanavyotendeka.

Mmoja wao aliitwa Nasoro. Alikuwa mtoto wa mjini hapahapa Sumbawanga, mwana wa Mzee Seifu aliyekuwa na duka la jumla na malori mawili. Familia yao ilikuwa ya Kiislamu, ya watu waliokuja zamani kufanya biashara na kubaki, na Mzee Seifu mwenyewe alikisema Kifipa vizuri kuliko vijana wetu wengi. Nasoro alikuwa kijana mpole, mwenye akili nyingi. Ukimuuliza swali alikaa kimya kwanza, kisha akajibu bila kupoteza neno. Nakiri nilimpenda kwa hilo. Mwalimu hapaswi kuwa na kipenzi, lakini utaona mwenyewe jinsi ilivyo vigumu.

Sasa nikueleze habari ya mashine. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mzee Seifu alikwenda katika kijiji kimoja kilicho njia ya kwenda Kate akazungumza na wazee. Kina mama wa pale walikuwa wakibeba ulezi na mahindi kichwani mwendo mrefu kwenda kusaga, au wakisaga kwa jiwe mpaka mikono inaota sugu. Wakakubaliana kwa maneno tu, mbele ya mkutano, kwamba kijiji kitajenga nyumba imara ya matofali ya kuchoma, na yeye ataleta mashine ya kusaga na kuiendesha. Wanakijiji wakajenga. Walifyatua matofali, wakachoma, wakauza sehemu ya ulezi wao wakanunua mabati. Nyumba ikasimama. Na Mzee Seifu naye akatimiza upande wake, akaagiza mashine, ikaja ikiwa ndani ya kreti, akaiweka kwenye ghala lake la mjini.

Kabla hajaipeleka, likaja agizo kwamba mashine za kusaga vijijini ziwe mali ya kijiji, asiwe nayo mtu binafsi. Miaka ile mambo ya namna hiyo yalikuwa mengi, na mengine yalikuja leo yakatenguliwa kesho. Mzee Seifu hakuweza tena kwenda kuendesha mashine yake pale. Ikabaki ghalani, na kule kijijini habari hiyo ilikuwa haijafika.

Jambo hilo mji mzima ulilijua, kwa hiyo mimi nikalifanya swali la darasani. Niliwauliza wanafunzi: je, makubaliano yale bado yapo? Nilipouliza niliwaambia pia, kwa kuwa ilikuwa haki yao kujua, kwamba mama yangu mzazi anaishi katika kijiji hichohicho na ni mmoja wa wale wanaoisubiri mashine. Nikawaeleza kwamba mwamuzi mwenye jamaa yake ndani ya shauri anatakiwa kusema mapema, kabla hajaulizwa. Nasoro naye akasimama akasema mwenye mashine ni baba yake. Wenzake wakacheka kidogo, maana nani hakujua. Kisha akajibu swali. Alisema sheria ya mikataba iko wazi: jambo mliloahidiana likija kukatazwa na sheria, ahadi hiyo imekufa, na hakuna wa kumlaumu mwenzake. Lilikuwa jibu sahihi, na nilimsifu mbele ya wote.

Sifa ile ilifika nyumbani kwao. Siku chache baadaye Nasoro alinisubiri nje ya darasa mpaka wenzake wote wakaondoka. Akaniambia kwamba baba yake amefurahi sana kusikia sheria inasema vile, na amemtaka aende kwenye mkutano wa kijiji, asimame kama msomi, awaeleze watu kwamba makubaliano yamekufa ili wasiendelee kusubiri.

Nikamwambia sioni ubaya, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyo.

Akasema, "Mwalimu, agizo limekataza baba asiendeshe mashine pale. Halikukataza akiuzie kijiji. Lakini kuna mtu wa Mbeya anayeitaka kwa bei kubwa zaidi, na baba hataki wanakijiji wafikirie habari ya kuinunua. Anataka nikiondoka pale wawe wanaamini kwamba hakuna njia."

Nilielewa mara moja. Kila neno ambalo Nasoro angelisema pale kijijini lingekuwa kweli, na watu wangerudi majumbani mwao na uongo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wiki iliyotangulia kwamba katika biashara mtu anaweza kudanganya bila kutamka hata neno moja la uongo, kwa kuchagua tu la kunyamazia.

Akaniuliza afanye nini. Nami nikamjibu jibu la kisomi. Nilimwambia kwamba mama yangu yuko kijijini pale, kwa hiyo mimi si mtu wa kumshauri, na uamuzi ni wake. Nikaona nimetenda haki kabisa. Akanishukuru, akaondoka akitembea polepole, na mimi nikaenda kula.

Jumamosi nikapanda lori kwenda kumwona mama. Nilimkuta uani anapepeta ulezi, upepo ukipeleka makapi upande wa zizi. Nikakaa naye, na kwa kuwa jambo lile lilikuwa limenikaa moyoni nikamweleza. Sikumtajia Nasoro wala mashine wala mnunuzi, kwa sababu niliyasikia hayo kwa siri kutoka kwa mwanafunzi, na siri ya mwanafunzi hata mama yako mzazi haimhusu. Nilimwambia tu kwamba yuko mwanafunzi anayetakiwa na mzazi wake awafiche watu jambo, naye hataki, na hajui afanyeje.

Mama aliendelea kupepeta. Akaniuliza, "Na ni nani aliyemfundisha kwamba kuficha hivyo ni vibaya?"

"Ni mimi, mama."

"Alipokuja kwako ukamwambia nini?"

Nikamwambia nilimwachia aamue mwenyewe, kwa sababu sikutakiwa kuingilia.

Akaweka ungo chini. Mama yangu hakuwa mtu wa kugomba, na siku hiyo pia hakupandisha sauti. Alisema kwa Kifipa, nami nakuletea kwa Kiswahili: "Umempa mtoto wa watu maneno ya kumgombanisha na baba yake, halafu wewe umebaki na chaki yako. Kama hukuwa tayari kwenda naye, usingemfundisha."

Nilijaribu kumweleza habari ya mtu mwenye maslahi katika shauri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba hakuniambia nikamwamulie huyo mtoto. Aliniambia niende naye. Akachukua ungo wake akaendelea.

Usiku ule sikujadiliana naye tena. Lakini Jumatatu, darasa lilipokwisha, nilimwita Nasoro nikamuuliza kama ameshaamua. Alisema ameamua, ila hajapata nguvu ya kulisema. Angekwenda kijijini kama baba alivyotaka, angeeleza sheria, lakini mtu akimuuliza kama kuna njia nyingine hatasema hakuna. Nikamwambia hilo ni jambo la kwenda kumwambia baba yake kwanza. Mtu aliyekutuma ana haki ya kujua utakachosema kabla hujakisema, na ukikitoa mbele ya mkutano bila yeye kujua, utakuwa umewatendea haki wanakijiji na kumdhulumu baba. Akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Twende wote. Sitasema kwa niaba yako, lakini nitakuwepo."

Duka la Mzee Seifu lilikuwa karibu na soko. Tulimkuta amekaa nyuma ya kaunta na kofia yake ya kushona, akimpimia mteja chumvi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa furaha, akaagiza tuletewe kahawa. Alidhani nimekuja kumsifia mwanawe. Nasoro alisubiri mteja aondoke. Kisha akasema.

"Baba, nitakwenda kijijini ukitaka, na nitaeleza sheria ilivyo. Lakini wakiniuliza kama kuna njia ya kupata mashine, siwezi kuwaambia hakuna. Nimeona nikuambie wewe kwanza."

Mzee Seifu alipangusa kaunta kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. Akasema kwa upole wa kutisha kwamba amempeleka mtoto shule tangu akiwa mdogo, amemlipia safari za Dar es Salaam, na haya ndiyo mavuno. Nasoro alisimama tu.

Kisha mzee akanigeukia. "Mwalimu, mama yako yuko kijiji kile. Si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee. Na darasa zima nimeliambia."

"Basi umekuja kuidai mashine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno hayo njiani, lakini yalipokuja yaliniuma hata hivyo. Nikamjibu hivi: "Sikuja kudai, mzee. Ukiiuza Mbeya hujavunja sheria yoyote, na mtu akiniuliza nitasema hivyohivyo, hata mama yangu akiniuliza. Haya yanayomsumbua kijana wako nimemfundisha mimi. Sikuona vizuri aje kuyasema kwako peke yake."

Aliingia mteja mwingine, mama mmoja aliyetaka mafuta ya taa. Mzee Seifu akamhudumia taratibu, akamuuliza habari za watoto, akamsindikiza kwa macho mpaka barabarani. Aliporudi kukaa alionekana amechoka. Alimwambia mwanawe asiende kijijini. Nasoro akaitikia. Kisha mzee akaongeza, kana kwamba anajisemea mwenyewe, kwamba atakwenda yeye, kwa kuwa aliyewaahidi watu wale alikuwa yeye na hakuwa Nasoro.

Siku ya mkutano alitupakia kwenye lori lake, mimi na Nasoro pamoja. Hakutuambia atasema nini, wala hatukumuuliza. Njia nzima alizungumza na dereva juu ya springi za lori. Mashamba pande zote yalikuwa yameshavunwa, na uwanda wote umepauka mpaka unapokutana na mbingu.

Mwanangu, nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo, ya mabaraza na ya bodi, na sijaona mtu akipokewa kama Mzee Seifu alivyopokewa siku ile. Watu walidhani ameleta mashine. Walifagia njia. Kina mama walipika ugali wa ulezi na kuku, na kwa kuwa walijua ni Mwislamu walikuwa wamemtafuta kijana wa Kiislamu wa kijiji cha jirani aje kuchinja, na badala ya pombe wakamwekea togwa. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Oresto, alimshika mkono akamwingiza ndani ya nyumba ya mashine kumwonyesha. Ilikuwa imepakwa chokaa. Sakafu ilikuwa imesakafiwa, na katikati wameacha mahali pa kufungia mashine. Mzee Seifu alisimama pale katikati, akatazama juu kwenye mabati, akatazama kuta.

Tulipotoka nje mkutano ukaanza. Alisimama akawaambia kuhusu agizo. Aliwaeleza vizuri, bila kuzunguka, kwamba sheria haimruhusu tena kuendesha mashine pale na kwamba makubaliano yao ya mwanzo yamekufa. Mama yangu alikuwa amekaa chini pamoja na wenzake, kitenge mabegani, anatazama ardhi. Mimi nilibana midomo yangu. Nilijua njia ipo, nilikuwa na haja nayo, na haikuwa yangu kuisema.

Mzee Oresto aliinuka akashukuru kwa mgeni kuja mwenyewe kuwaambia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo, mzee, hakuna njia nyingine?"

Mzee Seifu alimtazama mwanawe. Nasoro hakuinamisha uso. Nadhani walitazamana muda kidogo tu, lakini kwangu ulikuwa mrefu kuliko likizo nzima.

"Njia ipo," akasema Mzee Seifu. "Kijiji kinaweza kuinunua kwangu. Sikuwaambia kwa sababu Mbeya kuna mtu anayenipa zaidi ya mnachoweza ninyi. Sasa mmejua."

Hakuna aliyepiga makofi. Watu walianza kuulizana, kwanza kwa kunong'ona, kisha kwa sauti. Mazungumzo yalichukua siku nzima, chakula kikapoa. Mwishowe walikubaliana kwamba kijiji kitamlipa kwa mahindi, sehemu mavuno yale na sehemu mavuno mawili yatakayofuata, na safari hii waliandika na mashahidi wakatia sahihi. Nasoro ndiye aliyeyaandika maneno yenyewe, na aliyasoma kwa sauti mara kadhaa mpaka kila mzee akaridhika. Mzee Seifu alipata pungufu kuliko ambavyo angepata Mbeya. Hilo alilisema wazi, na ilikuwa haki yake kulisema.

Usidhani mambo yaliisha kwa kukumbatiana. Mzee Seifu hakuzungumza na mwanawe kwa muda mrefu, ila salamu tu. Likizo ilipokwisha Nasoro alipanda basi la Tunduma akiwa na mimi na wenzake, baba hakuja kumsindikiza. Njiani aliniuliza kama alikosea. Nikamwambia sidhani, lakini sikumwambia kwamba haitauma. Nilikaa naye kiti kimoja mpaka tukafika. Na mashine yenyewe, ilisaga vizuri, ikaharibika, ikatengenezwa, kisha ikaja miaka ya shida, dizeli ikakosekana, na mama akarudi kwenye jiwe lake kwa misimu kadhaa. Sikuwahi kumsikia akijuta.

Miaka ilipita. Mzee Seifu alipozeeka na macho kufifia, aliwaita watoto wake wote kupanga nani atashika biashara. Wapo waliokuwa wamekaa naye dukani tangu utoto, wakijua kila mteja. Akamchagua Nasoro, aliyekuwa mbali akifanya kazi ya mshahara. Ndugu zake walipouliza kwa nini, Nasoro mwenyewe alinisimulia baadaye, mzee alijibu: "Huyu aligoma kuwadanganya watu kwa ajili yangu. Basi na ninyi hatawadanganya."

Sasa sikiliza, mwanangu, maana giza linaingia na una safari. Fundisha sheria kama ilivyo, usiipindishe ili ionekane nzuri kuliko ilivyo. Waambie wanafunzi wako kwamba sheria itawaambia lini wako huru kuondoka kwenye makubaliano, lakini haitawaambia waondoke vipi. Wafundishe kutaja maslahi yao mapema, na wewe uwe wa kwanza kutaja yako. Wafundishe kwamba anayewatuma anastahili kuambiwa ukweli kabla ya wengine. Lakini zaidi ya yote kumbuka kwamba somo la maadili halifanani na hesabu za faida. Ukimfundisha kijana kukokotoa riba, anakwenda nalo nyumbani likamletea mkate. Ukimfundisha kutokuficha, iko siku atakwenda nalo nyumbani likamletea ugomvi. Siku hiyo atakuja mlangoni kwako. Usimpe jibu la kisomi ukaenda kula. Usimwamulie pia, huo mzigo ni wake. Vaa viatu vyako, utembee naye, usimame pale anaposema, na ukae naye kwenye basi wakati wa kurudi.

Nenda sasa. Mungu akupe wanafunzi wenye kuuliza, akupe na miguu ya kuwasindikiza. Akulinde na sifa zitakazokufanya uone umeshamaliza kazi. Na wale utakaowafundisha, popote watakapokaa mezani na watu wakiandikiana ahadi, waondoke wakiwa wanaweza kurudi tena mahali hapo na kusalimiwa. Uende kwa amani, mwanangu.